Pau na uru zinalipa, tatizo ni mnada wetu

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma ile safu ya karata mliyoiweka chini ya fumbo la maneno Jumapili iliyopita na kwanza niseme asante sana, manake sisi tunaocheza briji huku Dodoma tumezoea kufungua gazeti tunakuta Simba na Yanga kurasa nne nzima, karata hazipo kabisa, na zikitajwa basi ni habari ya vijana waliokamatwa wanacheza kamari. Kwahiyo kuliona tu neno briji limeandikwa gazetini mimi nilifurahi nikawatumia wenzangu picha ya ukurasa mzima. Ila kuna sentensi moja pale siwezi kuiacha ipite. Mwandishi wenu kasema ukiwa na pau au uru usihangaike nazo, kimbilia notrampu tatu ukae hapo, kwasababu pau na uru hazilipi. Jamani, ushauri huu ni nusu tu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndo tamu kuliko zote kwenye mchezo huu.

Niwaeleze kidogo wasomaji wasioujua ili tusiachane njiani. Briji ni watu wanne wawili wawili, unakaa unatazamana na patna wako, kila mtu karata 13. Turufu, ile aina inayokata aina nyingine zote, yeyote aliyecheza albastini anaijua, hiyo haimsumbui mtu. Kinachomsumbua mgeni ni kwamba kabla ya kucheza kuna mnada. Mnanadi kwa zamu, kila dau lina namba na aina, na ukinadi unaahidi kula mizunguko sita jumlisha hiyo namba yako, mzunguko mmoja ukiwa ni karata nne, moja kwa kila mtu. Ukisema pau moja unaahidi mizunguko saba kati ya 13, ukisema pau sita unaahidi 12 na hiyo ndo slemu ndogo, ukisema saba unaahidi kula yote 13, slemu kubwa. Kwenye ngazi pau ndo ya chini kabisa, alafu uru, alafu kopa, alafu shupaza, na juu yao wote notrampu yaani hakuna turufu. Dau linapanda tu, halishuki. Hapo hapo kwenye kutoshuka ndo penye shida yote ya pau na nitairudia.

Sasa huyu mwandishi wenu kaupata wapi ushauri wake? Kaupata kwenye malipo. Malipo ya briji tunayocheza leo aliyapanga Harold Vanderbilt wa Marekani mwaka 1925 akiwa safarini kwenye meli ya SS Finland ikielekea Mfereji wa Panama, na mpaka leo msingi wake ni ule ule. Pau na uru kila mzunguko juu ya sita unalipa pointi 20, kopa na shupaza 30, notrampu wa kwanza 40 na inayofuata 30. Bonasi ya gemu inataka ufikishe 100 kwa dau ulilonadi mwenyewe, kwahiyo notrampu unafika ukiwa tatu tu, mizunguko 9, kopa na shupaza unafika ukiwa nne, mizunguko 10, lakini pau na uru mpaka unadi tano, mizunguko 11. Hapo hamna ubishi, kati ya kuahidi 9 na kuahidi 11 kwa bonasi ile ile kila mtu atachukua 9. Mwandishi yuko sahihi kabisa mpaka hapo.

Ila akaishia hapo. Panda mpaka juu kwenye slemu uone mambo yanavyobadilika. Kwenye slemu ndogo kila mtu anadaiwa mizunguko 12, awe wa pau awe wa shupaza awe wa notrampu, yaani ule mzigo wa mizunguko miwili zaidi ambao pau inaubeba kwenye gemu haupo tena! Na bonasi ya slemu haiangalii aina, ni 500 mkiwa salama na 750 mkiwa kwenye zamu ya hatari, yaani ile ambayo bonasi na adhabu zinapanda. Piga hesabu pamoja na bonasi ya gemu, pau sita ikiiva mkiwa salama unapata 920, shupaza sita 980, notrampu sita 990. Tofauti ya pau na notrampu pointi 70. Mtu akikwambia pau hazilipi muulize 70 ni nini mbele ya bonasi ya 500. Ni kweli kwenye mashindano ya jozi ambayo mnalinganishwa meza kwa meza hata pointi 10 inaweza kukupandisha au kukushusha, hilo nalikubali, lakini kwenye mchezo wa timu na kwenye meza zetu za Jumamosi bonasi ndo kila kitu.

Nitoe mfano wa karata zenyewe kwasababu bila karata haya yote ni maneno matupu. Hizi zilikuja kwetu. Sisi hatuna vile vibao vya plastiki vya kuhifadhia karata, tunatumia bahasha za kaki, kila bahasha ina vibahasha vinne ndani vimeandikwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, meza ya kwanza wakimaliza kila mtu anarudisha karata zake 13 kwenye kibahasha chake na meza ya pili wanacheza karata zile zile. Na mnada hatusemi kwa mdomo, tunaandika kwenye karatasi ya daftari inayozunguka mezani, manake mtu akisema "pau mbili" kwa sauti ya unyonge patna wake tayari kajua kitu ambacho hakutakiwa kukijua. Vijiweni watu wanakonyezana na inaonekana ndo ujanja, kwenye briji hiyo ni wizi.

Basi, anayefungua mnada ana shupaza ree, 8, 5. Kopa moja tu, 4. Uru ree, kingi, 7, 3. Pau kingi, kwini, 10, 6, 2. Kwa hesabu ya kawaida ya ree nne, kingi tatu, kwini mbili, jeki moja, ana pointi 16. Patna wake ana shupaza kingi, 6. Kopa 9, 7, 5. Uru kwini, 8, 4. Pau ree, jeki, 9, 7, 3. Pointi 10. Jumla 26 kati ya 40 zilizopo kwenye karata zote. Zamu ya hatari kwa pande zote, na wapinzani walikaa kimya mnada mzima.

Vitabu vinasema slemu ndogo ya notrampu inataka kama pointi 33, kwahiyo mtu mwenye 26 hata wazo la slemu halimjii. Sasa zitandike karata hizo mezani kwako nyumbani uzihesabu, pau ndo turufu. Anayecheza ni yule wa 16. Kopa yake moja inaliwa, basi. Shupaza 8 inakwenda kwa kingi ya patna, shupaza 5 inakatwa na turufu ya patna, uru 7 inafunikwa na kwini, uru 3 inakatwa nayo. Hakuna kingine cha kupoteza. Mizunguko 12 iko mezani. Pau mnazo 10 kati yenu, wapinzani wana tatu tu, mara 78 katika 100 zitagawanyika mbili kwa moja, na hata zile 22 zikikaa zote tatu kwa mtu mmoja bado unatoa turufu raundi tatu na patna anabaki na mbili za kukatia. Haitetereki.

Alafu zitazame zile zile kama notrampu tatu. Kopa mna 4 upande mmoja na 9, 7, 5 upande wa pili, yaani ree, kingi, kwini na jeki zote ziko kwa wapinzani. Meza yetu ya kwanza ndo walifika hapo, na walifika kwa ushauri ule ule wa gazetini. Pau moja, patna akaandika pau tatu, mwenzake bila kuuliza chochote akaandika notrampu tatu kwamba pau tano ni mbali. Mpinzani akatoka na kopa, zilikuwa zimegawanyika tano kwa nne, zikaliwa tano mfululizo na kandarasi, yaani lile dau la mwisho, ikafa hata mwenye dau hajapata nafasi ya kuanzisha mzunguko mmoja. Hasi 100. Meza ya pili pau sita zikaiva, 1,370. Tofauti 1,470 kwa karata zile zile kutoka kwenye bahasha ile ile.

Meza ya pili walikuwa dada mmoja anayefanya kazi Mtumba na patna wake ni mzee wetu, mstaafu wa reli, yeye ndo alitufundisha wengi wetu mchezo huu. Mnada wao ulikuwa hivi. Dada akaandika pau moja. Mzee akaandika pau mbili. Sasa hii pau mbili kwa makubaliano yao ni dau la nguvu, pointi 10 kwenda juu na pau za kutosha, mwenye karata dhaifu ndo anaruka pau tatu ili kuwabana wapinzani. Wameligeuza, na kuligeuza huku kunatoka kwenye mfumo wa Edgar Kaplan na Alfred Sheinwold wa Marekani, na faida yake utaiona sasa hivi, ni kwamba wenye nguvu wanabaki chini na nafasi ya kuongea ipo. Dada akaandika kopa tatu. Angetaka kusema ana nguvu kwenye kopa angeandika kopa mbili, kuruka mpaka tatu ni kumwambia patna kopa ninayo moja au sina kabisa, pau tumekubaliana. Dau hili linaitwa splinta, na mwanamama Dorothy Hayden ni mmoja wa walioliingiza mchezoni miaka ya 1960.

Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo moyo wa barua hii. Mzee anaangalia kopa zake, 9, 7, 5, takataka tupu, na takataka hizo ndo dhahabu, kwasababu ina maana zile pointi 10 za kopa yaani ree, kingi, kwini na jeki wanazo wapinzani na zitakula mzunguko mmoja tu, baada ya hapo dada anakata. Kwahiyo karata zenye kazi sio pointi 40 tena, ni 30, na wao wawili wana 26 kati ya hizo 30. Ukiiona hivo slemu yenyewe inakuita. Kingi yake ya shupaza ina kazi, kwini ya uru ina kazi, ree na jeki ya pau zina kazi, hakuna pointi iliyolala.

Sasa badilisha. Mpe mzee pointi 10 zile zile na mgawanyo ule ule lakini ziwe hivi, shupaza 9, 6, kopa kingi, kwini, 5, uru 8, 4, 2, pau ree, jeki, 9, 7, 3. Dada akiandika kopa tatu mzee anajua papo hapo kwamba nusu ya pointi zake ziko mahali ambapo mwenzake ana karata moja, hazina msaada kwenye slemu ila zinazuia kopa vizuri sana. Anaandika notrampu tatu, na mara nyingi zinaiva, pau tano, uru mbili, shupaza moja, kopa moja, tisa kamili, wakati pau sita hapo ingekufa. Mnaona? Kopa tatu iko chini ya notrampu tatu, kwahiyo yule anayeipenda notrampu hajanyimwa chochote, ameulizwa kwanza ndo akaamua. Mimi siwaambii watu wazikimbie notrampu tatu, nawaambia wasizirukie kabla hawajaulizana, na swali zima linagharimu dau moja.

Turudi kwa mzee mwenye kopa takataka. Anataka slemu lakini lazima ajue ree ziko wapi, manake zikikosekana mbili slemu haipo. Wengi wetu tumefundishwa notrampu nne, ule utaratibu wa Easley Blackwood wa mwaka 1933, unauliza patna una ree ngapi, na yeye anajibu pau tano akiwa hana au anazo zote nne, uru tano moja, kopa tano mbili, shupaza tano tatu. Kwa kopa na shupaza kama turufu ni utaratibu mzuri mno. Kwa pau ni mtego. Turufu yenu ni pau, mnaweza kusimama pau tano, lakini patna mwenye ree moja anajibu uru tano na tayari mmeshapita. Anayekwenda mnada wa Msalato Jumamosi anaelewa, ukishataja bei ya mbuzi mbele za watu huwezi kuirudisha mdomoni ukasema nilikuwa nauliza tu. Mnalazimika kwenda pau sita huku mnajua ree mbili hazipo. Uru ina nafuu kidogo, jibu la ree moja ni uru tano yenyewe unaishia hapo, ila mbili ni kopa tano, umezama. Nadhani nusu ya hofu ya watu juu ya slemu za pau na uru imetokana na kuzama kwa namna hii, mtu anazama mara kadhaa alafu anahitimisha kwamba aina hizi hazifai.

Dawa yake ipo na haihitaji usomi. Turufu ikishakubaliwa kuwa pau, pau nne yenyewe ndo iwe swali. Turufu ikiwa uru, uru nne ndo swali. Watu wanaiita Minorwood. Majibu yanahesabu karata tano, ree nne pamoja na kingi ya turufu, hatua ya kwanza juu ya swali ni moja au nne, ya pili ni tatu au hana, ya tatu ni mbili bila kwini ya turufu, ya nne ni mbili pamoja na kwini. Mkiuliza kwa pau nne basi majibu yote manne ni uru nne, kopa nne, shupaza nne, notrampu nne, yote yako chini ya pau tano, mnauliza, mnajibiwa, na mkiona haitoshi mnakaa pau tano salama. Mzee akaandika pau nne, dada akajibu kopa nne, hatua ya pili, na kwa mnada aliokwisha kuunadi hawezi kuwa mtupu kwahiyo ni tatu. Mzee ana ree ya pau, jumla nne kati ya tano, inayokosekana moja. Akaandika pau sita akaweka peni chini. Kuna kitu kimoja cha kuzingatia hapa, haya makubaliano lazima patna wote wawili wayajue na wapinzani wakiuliza waelezwe wazi, hakuna siri kwenye mnada wa briji. Alafu mkianza kuitumia muamue kabisa ni lini pau nne ni swali na ni lini ni dau la kawaida, msipoamua mtagombana mezani, nimeshuhudia mtu na shemeji yake wakinuniana mpaka chai ikapoa.

Na kuhusu hofu yenyewe. Ukiwa kwenye zamu ya hatari ukanadi pau sita zikaiva umeongeza 750 juu ya yule aliyeishia pau tano akala 12, zikikosa moja umepoteza 700 ukilinganisha na yule wa pau tano aliyekula 11. Yaani ukiwa na nafasi nusu kwa nusu unanadi. Kwenye slemu kubwa hapo niko pamoja na waoga, mizunguko yote 13 unainadi ukiwa umeziona kwa macho ya akili zote 13, manake ikikosa hata mmoja unaipoteza na bonasi ya slemu ndogo uliyokuwa nayo mkononi.

Sasa ombi langu kwenu, Mhariri, na naomba mlichukulie kwa uzito. Magazeti makubwa duniani yamekuwa na safu za briji kwa miaka mingi, Alan Truscott aliandika kwenye New York Times tangu 1964 mpaka 2005, na Omar Sharif, Mwafrika mwenzetu wa Misri ambaye watu wanamjua kwa filamu, alikuwa mchezaji mkubwa wa briji aliyeichezea nchi yake na jina lake lilikuwepo kwenye safu ya karata ya magazeti ya Marekani pamoja na Charles Goren. Kwahiyo safu yenu haijakosea mahali ilipo. Ila Jumapili ile mlichapa karata 26 na matokeo, mnada hamkuuchapa hata mstari mmoja, na bila mnada msomaji hawezi kujua kwanini mtu alifika alipofika, anabaki na sentensi moja ya kwamba pau hazilipi na kesho anaenda kuitumia mezani. Chapeni mnada wote tangu dau la kwanza hata kama itabidi mpunguze maelezo ya uchezaji. Na itakuwa vizuri zaidi wiki moja mkitoa karata za mtu mmoja tu na mnada mpaka alipofikia alafu mkamuuliza msomaji yeye angenadi nini, jibu litoke Jumapili inayofuata, hapa Dodoma peke yake mtapata barua nyingi.

Karata nilizoziandika hapo juu mwandishi wenu anaruhusiwa kuzitumia, zote mbili, ile ya kopa takataka na ile ya kopa kingi na kwini, aziweke ubavu kwa ubavu. Kama mtambo wenu hauna alama za karata andikeni herufi tu, S, U na P zinatosha, ila kopa muandike Ko ili isigongane na kingi.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma